Simu Kumi na Mbili, Kaburi Moja

Bunia, Jumamosi jioni. Mawingu toka asubuhi, mvua haikunyesha.

Leo nilitoka nje mara nyingi kutazama anga, kama mwanafunzi anayechungulia mlango wa chumba cha mtihani. Betri yangu inaishi kwa jua. Bila jua, siku ya leo ingekufa kabla haijaanza.

Jua lilitoka kidogo saa tatu. Lilitosha.

Nina furaha, nina aibu, na kuna jambo nimeliamua. Ngoja nieleze polepole. Nimefundisha fizikia sekondari miaka mingi, na ugonjwa wa kueleza haujaniacha hata baada ya chaki kuniacha.

Leo tumeondoa matanga ya mdogo wangu Anselmi. Mwaka umetimia tangu azikwe Mahagi-Port, kule ziwani, alikokuwa ananunua samaki wakavu na kuwaleta huku. Mjane wake, Veronika, anaishi kwetu. Aliletwa Bunia kufanyiwa upasuaji wa nyonga, na akiwa bado hawezi kusimama, mume wake akaugua kule siku tatu tu, akaondoka. Barabara ya kupitia Djugu haikupitika wakati ule kwa sababu ya vita, na maiti haiwezi kungoja barabara. Kwa hiyo Anselmi alizikwa na watoto wake na majirani zake, na sisi wa Bunia tukamzika kwa simu.

Nasema tukamzika kwa simu. Ukweli ni kwamba hata hivyo hatukumzika.

Siku ile uani kwetu kulikuwa na turubai, sufuria kubwa ya maharagwe juu ya mafiga, na mabenchi mawili tuliyoyaazima kanisani. Watu kumi na wawili walikaa kwenye mabenchi hayo bega kwa bega, na kila mmoja ameshika simu yake. Wote walikuwa wanatazama kitu kimoja: kaburi la Anselmi, likirushwa moja kwa moja kutoka Mahagi-Port. Kwa aliyekaa mwisho wa benchi, padri alikuwa ameshaanza kunyunyiza maji ya baraka. Kwa jirani yake, padri alikuwa bado hajafika. Kwa wa tatu, picha ilikuwa imeganda kwenye kiatu cha mtu. Mama mmoja alianza kupiga kelele za kilio, wengine wakamgeukia: "Kuko nini? Siye hatujafika pale!"

Leo naweza kucheka. Siku ile hakuna aliyecheka.

Jenereta ya jirani ilikuwa inanguruma nyuma ya jiko, kwa sababu simu kumi na mbili zinazotazama video zinakula chaji kama watoto waliotoka shule. Moshi wake ulikuwa unaingia chini ya turubai. Na ng'ambo ya ukuta mnara wa simu nao ulikuwa na jenereta yake, kubwa zaidi, inayokunywa mazutu, yaani dizeli, umeme unapokatika. Vyombo vyote hivyo vilikuwa vinafanya kazi kwa nguvu zote ili watu waliokaa kwenye mabenchi mawili waone picha moja. Wakaikosa.

Veronika alikuwa amelazwa kwenye godoro karibu na mlango, simu yake juu ya mto. Picha yake iliganda jeneza likiwa linaning'inia kwenye kamba juu ya shimo. Alisubiri. Akawa anagonga kioo kwa kidole, taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Mtandao uliporudi, watu wa kule walikuwa wanakung'uta majembe.

Mwaka mzima huu, akiwa anachagua mchele au anakunja nguo, alikuwa na neno moja lililomtoka bila kuulizwa: "Mi niliacha Anselmi mu kamba. Mupaka leo eko mu kamba."

Kuna jambo lingine la siku ile ambalo sijawahi kuliandika hapa. Nitalifikia. Sijajipa ujasiri bado.

Baada ya maziko yale nilianza kujiuliza maswali ambayo mwalimu wa fizikia alipaswa kujiuliza zamani. Watu wengi wanafikiri video iko hewani, inaelea, nasi tunanyoosha mkono na kuichukua kama mapera. Haielei. Inakaa ndani ya mashine, katika majumba makubwa ya mbali, na mashine hizo zinapata joto hadi inabidi zipoozwe usiku na mchana. Kutoka huko inapita kwenye nyaya chini ya bahari, inapanda nchi, inaruka kutoka mnara hadi mnara, hadi inafika kwenye ule ulio nyuma ya ukuta wetu. Kila hatua inakula umeme. Na umeme huo, mahali pengi, unatoka kwenye kitu kinachoungua.

Sasa, ukitazama wimbo uleule mara kumi kwa njia hii, mara nyingi unasafirishwa mara kumi. Simu haisemi, "Huyu mzee nilishamletea jana." Inatuma tena mtu kwenda kuuchukua.

Sitaki kudanganya. Mnara unakula mazutu hata kama mtaa mzima umelala. Simu yangu moja nikiizima, jenereta ile haitanyamaza. Wataalamu wenyewe hawakubaliani ni moshi kiasi gani uhesabiwe kwa saa moja ya video, na mimi sina chombo cha kuupima. Maji ya ziwa kule Mahagi-Port yamepanda kuliko tulivyoyajua utotoni, Anselmi ilibidi azikwe juu zaidi ya baba yetu, lakini siwezi kusema ni simu ya dada yangu iliyopandisha ziwa. Ninachojua ni rahisi zaidi. Tukidai zaidi, mashine zinaongezwa. Zikiongezwa, kitu kinaungua zaidi. Na sehemu kubwa ya tunachodai, hata hatukitazami.

Nianze na nyumba yangu.

Mke wangu ana nyimbo za kwaya anazozipenda. Anazifungua kama video, anaitumbukiza simu ndani ya bakuli la bati ili sauti itoke kubwa, uso wa simu ukiwa umeangalia chini, kisha anaendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo. Wanakwaya wamevaa sare nzuri, wanayumba pamoja, wanainua mikono, na picha zote hizo zimesafiri kutoka ng'ambo ya dunia ili kulionyesha bakuli.

Na mimi ni mbaya zaidi yake. Mimi hutazama mihadhara ya sayansi baada ya chakula cha mchana. Usingizi unanichukua kwenye mhadhara wa kwanza, simu inajifungulia wa pili yenyewe, wa tatu, wa nne. Siku moja niliamka nikakuta profesa mmoja ananieleza habari za kupotea kwa nishati.

Nilizima kile kitufe cha kujifungulia siku hiyohiyo. Nyimbo za mke wangu nikazipakua mara moja, sauti peke yake, nikaziweka kwenye kadi ya simu. Alisikiliza, akasema: "Ni sauti ileile." Nikamwambia ndiyo, kilichopotea ni picha tu. Akauliza: "Na zamani picha ilikuwa inaenda wapi?" Nikamwonyesha bakuli. Alicheka hadi akaketi.

Basi, matanga yalipokaribia, Donasiani, mtoto mkubwa wa Anselmi, akatangaza kwenye kikundi cha familia kwamba watasimika msalaba wa saruji kwenye kaburi la baba yake, na kila kitu kitarushwa moja kwa moja kwa siku mbili. Mama yake bado hawezi kuvumilia barabara ile, kiti cha gari kinamvunja. Familia ikashangilia. Kutoka Aru, kutoka Kampala, kutoka hapa Bunia, kila mtu akaanza kuandaa simu yake.

Nikaona mabenchi yale mawili tena.

Nikatuma ujumbe wa sauti. Nilisema kila mji ukusanyike penye kioo kimoja. Kurusha moja kwa moja kuwe saa ile tu ya baraka na msalaba, mengine yarekodiwe kwa picha ndogo, yatumwe mara moja kwa kila mji, kisha tupeane wenyewe simu kwa simu bila kupitia mnara. Nikaeleza sababu. Nikaeleza majumba ya mashine, nyaya za baharini, mazutu. Ujumbe wangu ulikuwa wa dakika tisa.

Wa kwanza kujibu alikuwa dada yangu Perpetua, kitinda mimba wetu, anayeishi mtaa wa pili kutoka hapa. Ananiita Yaya, kama tunavyomwita huku kaka mkubwa, na ndilo jina pekee la heshima ninalopata kwake.

"Yaya, nimesikia kidogo, ile ingine utaniandikia ku karatasi. Weye ulikuwa unatupimia pointi ku masomo, sasa unataka kutupimia na kilio? Kila mutu iko na simu yake, aache aangalie mufu wake! Ao unaogopa batu batakuomba feza ya mtandao?"

Wengine wakaweka vicheko. Mpwa mmoja wa Aru akauliza kwa adabu kama labda mzee amepungukiwa kitu, wanaweza kusaidia. Iliniuma. Walifikiri ni ubahili, na ubahili kwenye matanga ya mdogo wako ni jambo ambalo watu hawalisahau.

Nikafikiri siku nzima. Halafu nikarudi na ujumbe mfupi, dakika moja kamili, nilijipima kwa saa. Nikauliza hivi: siku ya matanga sisi tunakulaje? Tunaweka sahani kubwa katikati, bugali na sombe, watu sita wanaizunguka. Yule anayejipakulia kwenye sahani yake na kwenda kula nyuma ya nyumba, tunasema nini juu yake? Perpetua, weye njo wa kwanza wa kumusema. Sasa kwa nini macho yawe yanakula kando, kila mutu na sahani yake?

Kisha ukaja ujumbe wa sauti kutoka kwa mtu ambaye huwa hatumi. Veronika, kutoka chumba cha pili, hatua kumi kutoka nilipokuwa nimekaa.

"Mi nataka kuona tu. Hata kama ni simu moja kwa batu bote. Ya kwangu mwaka jana, nilikuwa nayo peke yangu, na sikuona."

Mabishano yaliishia hapo.

Jumatano tulifanya jaribio. Televisheni yetu ndogo niliiunganisha na simu kwa waya, nikapunguza mwanga wa kioo, nikaiwasha kwa betri ya paneli. Donasiani akapiga kutoka kaburini. Picha ikaja mbaya, vipande vipande. Nikaona kosa mara moja: alikuwa anatembea. Anaonyesha ziwa, anaonyesha mitumbwi, anageuka kwa shangazi mmoja wa kule, anarudi kwenye kaburi.

Hapa ualimu ulinitoka wote. Nikamweleza kwamba video haitumi picha nzima kila mara. Inatuma zaidi kile kilichobadilika tangu picha iliyopita. Ukisimama mahali pamoja, kaburi halibadiliki, ukuta haubadiliki, kinachotumwa ni mkono wa padri peke yake. Ukitembea, kila jani linabadilika, mzigo unakuwa mkubwa, na njia ni ileile nyembamba.

"Kwa hiyo Baba Mukubwa unataka nisimame kama muti?"

"Usisimame weye. Simamisha simu."

Alichukua kasia la mtumbwi wa baba yake, akalichimbia ardhini mbele ya kaburi, akaifunga simu juu yake kwa mpira wa baiskeli. Picha ikatulia. Nilishusha ubora hadi chini ya katikati, na bado tukaweza kusoma jina la Anselmi kwenye ubao wa zamani. Veronika aliliona lile kasia kwa kivuli chake tu, kilichoanguka kwenye udongo mbele ya simu. Alilitambua.

Leo, saa nne, uani kulijaa. Mabenchi yaleyale mawili, mikeka, majirani. Jirani alikuja kuuliza kama alete jenereta, nikamshukuru, nikamwomba alete masikio yake tu. Mlangoni niliweka kikapu cha sokoni na kila aliyeingia alitumbukiza simu yake, kama mtihani wa taifa. Walinung'unika, lakini walitumbukiza. Perpetua alitumbukiza ya kwake huku ameinua kidevu.

Veronika tulimweka mbele, kwenye kiti chenye mto.

Padri alianza. Picha ilikuwa safi. Watu walikuwa wanaitikia sala uani kwetu kana kwamba wako kule, na kwa mara ya kwanza wote waliitikia pamoja. Mwaka jana kila mmoja alikuwa na "amina" yake.

Kisha wanaume wanne wakaunyanyua msalaba. Ukawa umeinama, mikono minane imeushikilia juu ya shimo lake dogo.

Picha ikaganda.

Veronika alinyoosha kidole, akakigusisha kwenye kioo cha televisheni, akaanza kugonga. Taratibu. Hodi, hodi. Nilisimama. Nilikuwa nimehesabu betri, jua, waya, kasia, kila kitu.

Halafu tukamsikia padri. Kwenye televisheni alikuwa kimya, mdomo wazi. Lakini sauti yake ilikuwa inaendelea, ndogo, inatoka chini ya kitenge cha Perpetua.

Watu wote wakageuka.

"Perpetua," nikasema.

"Niko naangalia tu kama ya Gastoni inaonekana muzuri kupita hii!"

Mke wangu akainua kikapu. "Na hii ya mu kikapu ni ya nani?"

"Nayo ni yangu."

Ile ya kikapuni ilikuwa kasimu kadogo ka tochi, kasikoweza kuonyesha hata picha ya kuku. Ile kubwa alikuwa amekaa nayo mapajani tangu mwanzo. Gastoni ni mtoto wake, mwanamume mzima mwenye mtumbwi wake, naye alikuwa amesimama nyuma ya Donasiani kulekule kaburini, anairushia dunia nzima matanga yale kwenye ukurasa wake. Mnara wa kule ni mdogo. Njia ya kupandisha picha ni nyembamba kuliko ya kushusha, na sasa watu wawili walikuwa wanaigombea.

Nilifungua mdomo nieleze. Sikupata nafasi. Perpetua alimwona Veronika na kile kidole, uso wake ukabadilika, akafunga video na kupiga simu palepale.

"Gastoni! Zima!... Hapana, usiniambie batu mingi banaangalia, batu gani? Zima iyo kitu sasa hivi! Mama Veronika anaachiwa bwana yake mu kamba mara ya pili, na ni weye! Ni weye na miye! Zima!"

Tulisubiri. Sijui muda gani. Kisha kwenye televisheni jani moja likatikisika nyuma ya padri, na picha ikafunguka.

Nilitegemea kukuta msalaba umeshasimama. Haukuwa umesimama. Wale wanaume wanne walikuwa bado wameushikilia umeinama, jasho linawatiririka, mikono inatetemeka. Donasiani alikuwa ameinama mbele ya kasia, anaitazama simu. Alikuwa ameona kwamba upande wetu umekatika, akawaambia wasishushe.

"Mama, unaona?"

"Naona," Veronika akasema.

"Tushushe?"

Alikaa sawasawa kwenye kiti, akavuta kitambaa chake kichwani.

"Shusha. Polepole."

Wakaushusha. Ukaingia mahali pake, wakamimina saruji, Donasiani akaweka kiganja chake juu ya saruji mbichi akakiacha hapo. Uani kwetu watu kama thelathini walilia kwa pamoja, hakuna aliyemtangulia mwenzake.

Baadaye, baada ya kula, nilikagua betri. Ilikuwa imebaki zaidi ya nusu. Jenereta ya jirani haikuwashwa. Ya mnara ilikuwa inanguruma ng'ambo ya ukuta kama kila siku, na nilitaka kuandika hapa kwamba ilinguruma kwa sauti ndogo zaidi, lakini huo ungekuwa uongo. Hatukuiokoa dunia leo. Mji wetu ulivuta picha mara moja, ukiacha ile ya Perpetua, badala ya mara kumi na mbili, Aru mara moja, Kampala mara moja. Ile iliyorekodiwa iliingia Bunia kupitia simu moja, na Perpetua mwenyewe, kama adhabu aliyojipa, amezunguka uani mchana kutwa akiwagawia wengine simu kwa simu, anawasukuma waliokosa nafasi kwenye kadi: "Futa ile ya mbuzi anacheza, weka kaka yangu!"

Sasa lile jambo.

Watu walipotawanyika, Veronika alibaki mbele ya televisheni iliyozimwa. Nikavuta benchi nikakaa karibu naye. Nikamwambia kile ambacho sikumwambia mtu mwaka mzima.

Siku ya maziko, mimi sikuwa na simu tu. Nilikuwa na tableti ambayo watoto wangu walinitumia, na nilikuwa nimeiweka kwenye ubora wa juu kabisa, ule unaomeza njia yote. Nilikaa pembeni, karibu na mlango, hatua mbili kutoka kwenye godoro lake. Picha yangu haikuganda. Nilimwona mdogo wangu akishuka. Niliona udongo. Niliona hadi nyasi kwenye jembe. Machozi yalikuwa yananiziba, na haikunijia kumgeuzia ile tableti. Ningeweza kunyoosha mkono tu. Jioni aliponiuliza, nikamwambia mtandao ulitukatalia sote.

Mimi ndiye niliyekuwa najua jinsi njia inavyogawanywa. Katika wale waliokaa pale, nilikuwa wa pekee aliyejua.

Nilimaliza, nikasubiri. Alikuwa anakunja pembe ya kitenge chake na kuikunjua.

"Nilijua, Shemeji."

"Ulijua nini?"

"Miwani yako. Ilikuwa inawaka. Ya kwangu ilikufa, nikageuza kichwa, nikaona mu miwani yako kitu kinatembea. Kidogo kidogo. Sikujua kama ni batu ao ni majani. Niliangalia pale mupaka ikaisha."

Mwaka mzima amenipikia chai akijua.

"Kwa nini hukuniita?" nikamuuliza.

Akanitazama kwa mshangao kidogo, kama mtu anayemsahihisha mtoto.

"Miye nikuite? Weye njo mwenye ulikuwa unaona."

Kisha akasema hana neno, kwamba leo ameshamaliza, Anselmi ameshuka. Akaniomba nimwekee ile video kwenye kadi ili aweze kuitazama bila kuomba mtandao. Nikamwekea. Nikaijaribu mbele yake. Wakati naandika haya naisikia sauti ya padri kutoka chumbani kwake, mara ya tatu sasa, na mnara ule hauna habari.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu, na nauandika hapa ili ninyi mnaosoma mnishike nao. Sitaacha kutazama video, mimi si mtawa. Tableti yangu inabaki kwenye ubora mdogo, macho yangu yenyewe hayaoni tofauti. Cha kusikiliza nitakisikiliza tu, bila picha. Ninachokipenda nitakipakua mara moja na kukitunza. Simu yangu hii yenye ufa sitaibadilisha kwa sababu tu imetoka mpya, maana naishi mkoa ambao watu wanachimba ardhi kutafuta madini yanayoingia pia kwenye simu, na ninajua shimo linafananaje. Na kwenye kamati ya parokia nitaomba kusema. Kila Jumapili, katika viwanja vyetu hivi vilivyojaa ndugu waliokimbia vita vya Djugu, misa moja inatazamwa kwenye simu sita chini ya paa moja. Mashine nyingi za mbali zinachemka kwa sababu majirani hawakuitana.

Najua watasema mzee ameanza tena. Nitazungumza dakika moja tu, nikiitazama saa.

Lakini kabla ya parokia kuna nyumba, na kabla ya nyumba kuna mimi na miwani yangu. Yale ya njia na jinsi inavyogawanywa nilikuwa nayajua hata mwaka jana, na hayakunisaidia kunyoosha mkono. Kesho ni Jumapili. Nimeliacha benchi mbele ya televisheni, sikulirudisha kanisani. Kabla sijawasha chochote, nitabisha hodi mlangoni kwa Veronika na kumwita.